Kuomba kazi ya msaidizi wa chekechea Dar es Salaam: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila mwaka kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari, meza yangu hujaa bahasha za kaki. Nasimamia kituo cha kulelea watoto hapa Dar es Salaam, na maombi ya wasaidizi wa darasa nayasoma mwenyewe. Mengi nayaweka pembeni ndani ya dakika moja, na inaniuma, maana najua kati ya walioandika wamo mabinti na vijana wanaowaweza watoto vizuri sana. Karatasi ndizo zinazowaangusha.

Makosa ni yale yale. Barua imenakiliwa kwa rafiki hadi jina la shule nyingine limebaki juu. Wasifu una kurasa nne na hakuna mahali panapotajwa mtoto. Vyeti vitatu vina majina matatu tofauti. Mdhamini akipigiwa simu anauliza, "Nani huyo?"

Mkuu wa kituo anaposoma ombi lako ana swali moja kichwani: nikitoka kwenda benki, naweza kumwachia huyu watoto 12 mpaka nirudi? Soma hatua zote zilizo hapa chini ukiwa na swali hilo mkononi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaandika chochote

- Kitambulisho cha taifa, au angalau namba ya NIDA
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA
- Vyeti vya shule (kidato cha nne, au ulipoishia)
- Cheti cha mafunzo ya malezi, ualimu wa awali au huduma ya kwanza, kama unacho
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unaoishi
- Picha ndogo za paspoti, nne zinatosha
- Majina na namba za simu za wadhamini wawili au watatu
- Namba ya simu ambayo hutaibadilisha kwa miezi mitatu ijayo, na anwani ya barua pepe yenye jina lako halisi
- Bahasha za A4 na nakala tano za kila cheti

Cheti cha tabia njema cha polisi na vipimo vya afya vina wakati wake. Nitavieleza kwenye hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Jua unaomba kazi ya aina gani

Watu husema "chekechea" kwa vitu viwili tofauti, na barua inayofaa huku haifai kule.

Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa upande wa ustawi wa jamii, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Watoto wa pale ni wadogo, wengine bado wako kwenye nepi. Kazi yako kubwa ni kulisha, kuosha, kulaza, kubeba na kuangalia.

Darasa la awali liko upande wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na mara nyingi limo ndani ya shule ya msingi. Mtoto anakaribia kuingia darasa la kwanza. Pale msaidizi huandaa zana, huchonga penseli, hukaa na mtoto aliyebaki nyuma na kuwapeleka chooni kwa zamu.

Kazi nyingi za usaidizi ziko sekta binafsi. Ajira za walimu wa serikali zinaombwa kwa mfumo wa serikali wa ajira mtandaoni, kwa hiyo usikae miezi ukisubiri nafasi ya msaidizi wa kituo cha Sinza ijitokeze huko.

Tahadhari: ukifika kituoni, tafuta cheti cha usajili ukutani, kwa kawaida ofisini au karibu na mlango. Usipokiona, uliza kwa adabu. Kituo kisichosajiliwa kinaweza kufungwa wiki yoyote, na mshahara wako wa mwezi ukapotea nacho.

## Hatua ya 2: Nyoosha majina na nyaraka

Weka vyeti vyako vyote mezani na usome majina herufi kwa herufi. Kama cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi na cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, tatizo hilo limalize sasa. Nenda kwa wakili uandikiwe kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, kisha ambatisha nakala yake kwenye kila ombi. Tunaokaa na watoto wa watu hatuwezi kupuuza jina lisiloeleweka. Mzazi akiuliza "nani anashinda na mwanangu?" lazima niwe na jibu moja.

Barua ya mtaa huanzia kwa mjumbe wako, halafu ofisi ya serikali ya mtaa. Sema wazi kwamba ni ya kuombea kazi ya kulea watoto, ili barua iandikwe hivyo. Hakikisha ina muhuri, tarehe na namba ya simu ya ofisi.

Cheti cha tabia njema hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole, na malipo yake hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu fedha mkononi akuahidi kukiharakisha. Ukiwa unalenga shule za Masaki, Oysterbay au Mikocheni, kianze mapema. Vituo vya mitaani kama chetu huwa tunaanza na barua ya serikali ya mtaa, na cha polisi tunakiomba kwa yule tuliyemchagua.

Vipimo vya afya subiri uambiwe. Kila kituo kina orodha yake, na kwa anayegusa chakula cha watoto karibu kila mahali watataka kipimo cha kinyesi na uchunguzi wa kifua kikuu. Ukipima mapema utalazimika kurudia.

Tahadhari: vyeti halisi huonyeshwa tu, haviachwi. Mwajiri anayetaka kukaa na cheti chako halisi anataka kukushika, ili siku ukitaka kuondoka ushindwe.

## Hatua ya 3: Tafuta kituo unachoweza kufika alfajiri

Vituo vingi hufungua saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, maana wazazi wanawahi foleni. Wewe unatakiwa uwe umeshafika, umefagia na umepanga viti. Mtu anayeishi Chanika akiomba kazi Mbezi Beach, nikisoma anwani tu najua atachelewa mara mbili kwa wiki, na siku hiyo nitakuwa mlangoni peke yangu na watoto kumi wanaolia.

Kanuni yangu: gari moja, au mwendokasi na kutembea kidogo. Wa Kimara aangalie vituo vya kandokando ya Barabara ya Morogoro hadi Magomeni na Morocco. Wa Mbagala aangalie Mtoni, Temeke na Chang'ombe. Panga vituo vinane hadi kumi vya eneo lako, ukavitembelee kwa miguu.

Saa ya kwenda ni kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, au saa 7 mchana watoto wakiwa wamelala. Usiende saa 1 asubuhi wala saa 10 jioni. Hizo ni saa za kupokea na kukabidhi watoto, na atakayemsimamisha mkuu wa kituo mlangoni saa hizo anaonyesha kwamba haijui kazi.

Pale getini maneno machache yanatosha: "Shikamoo mama. Naitwa fulani, naishi hapa Tabata Kimanga. Naomba kujua kama mnapokea maombi ya wasaidizi, na barua niielekeze kwa nani." Andika jina unalotajiwa. Shule nyingi huanza mwaka Januari na kurudi tena Julai, kwa hiyo Novemba, Desemba na Juni ndiyo miezi ya kuzunguka.

Ofisi ya serikali ya huduma za ajira, TaESA, nayo huandikisha watafuta kazi bila malipo. Jiandikishe huku ukiendelea kuzunguka.

Tahadhari: anayekuomba "elfu ishirini ya fomu" au "hela ya sare kwanza" kwa M-Pesa hana kazi ya kukupa. Anayetaka usaili wako ufanyike gesti au baa, au anayetaka mwili wako ndipo akupe kazi, anafanya rushwa ya ngono, ambayo ni kosa la jinai. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU.

Utajua umefanikiwa ukiwa na orodha yenye jina la mkuu, simu na saa ya kufungua kwa kila kituo.

## Hatua ya 4: Andika barua inayoonyesha mikono yako

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sentensi ninayoisoma kila siku ni hii: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, napenda sana watoto na naweza kufanya kazi katika mazingira magumu." Haina kosa la sarufi, lakini haniambii kitu. Hata aliyewahi kufukuzwa kwa kumpiga mtoto anaweza kuiandika.

Iweke pembeni, ujiulize: nimemshika mtoto wa nani, wa umri gani, kwa muda gani, na nilikuwa namfanyia nini? Karibu kila mtu aliyekulia uswahilini amelea. Umelea wadogo zako. Umekaa na watoto wa dada yako. Umefundisha madrasa au shule ya Jumapili. Umefanya kazi za ndani. Usione aibu kuandika kazi za ndani. Dada aliyelea mtoto wa mtu kuanzia miezi mitatu hadi akatembea anajua mambo ambayo cheti hakifundishi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, na kwa lugha ambayo kituo kinatumia. Shule ya mchepuo wa Kiingereza iandikie Kiingereza, lakini kile unachoweza kukizungumza mwenyewe siku ya usaili. Mfano wa barua ya kituo cha Kiswahili ni huu. Anwani yako iwe juu kulia pamoja na tarehe, ya kituo ifuate kushoto, kisha:

> YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSAIDIZI WA DARASA
>
> Naomba kazi ya msaidizi katika kituo chako. Nina miaka 23, naishi Tabata Kimanga, mwendo wa dakika 15 kwa miguu hadi hapo kituoni.
>
> Kwa miaka miwili nimelea watoto wawili wa dada yangu, mdogo akiwa na miezi 7 nilipoanza. Nilikuwa nawaogesha, nawapikia uji na kuwapeleka kliniki, na kadi zao nilizitunza mimi. Tangu mwaka jana nawasaidia walimu wa madrasa kila Jumamosi na Jumapili. Kundi langu ni watoto 15 wa miaka 4 hadi 6. Nawapanga mstari, nawaosha mikono kabla ya kula na kuhakikisha kila mmoja anakabidhiwa kwa mtu wa kwao.
>
> Nimemaliza kidato cha nne. Sina cheti cha malezi, ila niko tayari kujifunza nikiwa kazini. Naweza kufika saa 12 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na naweza kuja kwa siku ya majaribio wakati wowote.
>
> Nimeambatisha wasifu, nakala za vyeti, barua ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini wangu.

Sentensi ya "kukabidhiwa kwa mtu wa kwao" ndiyo ingenifanya nimpigie simu huyu. Binti huyo ameshaelewa kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko nyimbo zote za asubuhi.

Kuhusu cheti usichokuwa nacho, sema ukweli kama hapo juu. Vyeti vya kughushi tunavikuta, na jina la mwenye navyo wakuu wa vituo huambizana.

Utajua umefanikiwa ukimsomea barua mtu asiyekujua, akaweza kukutajia umri wa watoto uliolea na kazi ulizowafanyia.

## Hatua ya 5: Wasifu na wadhamini

Wasifu usizidi kurasa mbili: majina kamili, namba ya simu, mtaa unaoishi, elimu, uzoefu wa kulea na lugha unazozungumza. Dini, kabila na urefu wako viache. Mambo ya kupenda kuangalia muvi pia yaache.

Wadhamini wawe watu waliokuona ukiwa na watoto: mzazi uliyemlelea, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa shule ya Jumapili. Mjomba mwenye cheo wizarani hanisaidii kama hajawahi kukuona ukimlisha mtoto. Wapigie kabla hujaandika majina yao. Waambie kituo gani kinaweza kuwapigia na kazi ni ipi. Mdhamini mmoja niliyempigia alinieleza jinsi binti alivyomtoa mtoto wake hofu ya maji kwa kuanza na kikombe, kisha beseni. Binti huyo nilimwajiri wiki ile ile.

## Hatua ya 6: Peleka ombi

Peleka bahasha kwa mkono kama kituo kiko karibu. Panga hivi kutoka juu: barua, wasifu, barua ya mtaa, vyeti. Juu ya bahasha andika jina la mkuu wa kituo na "Maombi ya kazi ya msaidizi".

Wakisema utume kwa WhatsApp au barua pepe, nenda steshenari waskani kila kitu kiwe faili moja la PDF, na jina la faili liwe jina lako. Napokea picha za vyeti zilizopigwa kitandani, ua la khanga linaonekana pembeni na kivuli cha simu kimefunika alama za masomo. Sizifungui mara mbili. Kabla ya kutuma, angalia pia picha yako ya WhatsApp na maneno uliyoweka hapo, kwa sababu ndivyo ninavyoviona kwanza.

Subiri siku saba za kazi, kisha piga simu mara moja, saa 4 asubuhi.

## Hatua ya 7: Usaili

Vaa nguo safi ambayo unaweza kuinama na kukaa nayo sakafuni. Kata kucha. Hereni ndefu na kucha za kubandika ziache nyumbani, maana mtoto huvuta na kukwaruzwa. Fika dakika 20 kabla.

Maswali haya manne, au ndugu zake, utakutana nayo.

Mtoto amemuuma mwenzake, utafanya nini? Watenganishe, mwangalie aliyeumwa kwanza, osha jeraha kwa maji na sabuni, zungumza na aliyeuma ukiwa umechuchumaa usawa wa macho yake, mwambie mwalimu, andika kwenye daftari la matukio. Wengi hujibu, "Nitamchapa kidogo." Usaili wao kwangu huishia hapo.

Bodaboda amekuja kumchukua mtoto, anasema katumwa na mama yake. Mtoto haondoki. Unamwita mwalimu, mzazi anapigiwa kwa namba iliyo kwenye faili letu, si ile ambayo bodaboda anakutajia.

Umemwona mtoto ana alama za fimbo mgongoni. Usimhoji mbele ya wenzake wala usimfuate mzazi kwa ukali. Mwambie mkuu wa kituo siku ile ile na uandike ulichokiona. Taja pia namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Wachache sana wanaijua, na anayeitaja namkumbuka.

Mtoto wa miezi 10 amekabwa na kipande cha chakula, hawezi kulia. Piga kelele ya msaada. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kidogo, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa sehemu ya chini ya kiganja. Isipotoka, mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua mara 5, rudia. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona. Jifunze hili hata kama hukupata kazi.

Nawe uliza: darasa lina watoto wangapi na watu wazima wangapi? Anayeuliza swali hilo anaonekana ameshajiona ndani ya darasa.

## Hatua ya 8: Siku ya majaribio

Vituo vingi vitakuita asubuhi moja au siku nzima. Mimi siku hiyo naangalia mambo madogo. Je, ulinawa mikono kabla ya kugawa uji, bila kuambiwa? Uji uliupima joto kwa tone kwenye kifundo cha mkono wako kabla ya kumpa mtoto? Kwenye meza ya kubadilishia nepi, mkono mmoja ulibaki juu ya mtoto wakati unatafuta nepi safi? Karanga na pipi ngumu ulizoziona kwenye kopo la chakula cha mtoto wa miaka miwili ulimwonyesha mwalimu?

Mtoto anayelia mlangoni mama yake akiondoka ndiye mtihani mkubwa. Usimdanganye kwamba mama anarudi sasa hivi. Mpokee kwa mikono miwili, mwite jina lake, mwache amuage mama, mpe kitu cha kushika. Mwambie kwamba mama atarudi yeye akishalala na kunywa uji, kwa sababu mtoto hajui saa 10 ni lini ila uji anaujua.

Simu ikae kwenye mkoba. Kupiga picha na watoto wa watu ukaweka mtandaoni kutakumalizia kazi kabla haijaanza.

Tahadhari: siku moja au mbili za majaribio ni kawaida. Wiki mbili bila malipo ni kazi ya bure, na unaweza kukataa kwa heshima.

## Hatua ya 9: Kabla hujasaini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakulinda wewe pia, hata kituo kikiwa sebuleni kwa mtu. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka yenye malipo ni siku 28 mfululizo. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwako haizidi asilimia 10. Muulize mwajiri namba yako ya uanachama, halafu baada ya miezi miwili thibitisha mwenyewe kama michango inaingia.

Soma mkataba uone mshahara umeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipwa, urefu wa muda wa majaribio, na nani anagharamia sare na vipimo vya afya. Jambo mlilokubaliana kwa mdomo, kama nauli au chakula cha mchana, omba liandikwe hata kwa kalamu pembeni, wote wawili msaini hapo. Weka saini kila ukurasa. Nakala yako ichukue siku hiyo hiyo, ukiwa bado umesimama pale ofisini.